Bila Udi

Karatasi ilisema: usipake poda,
usipake mafuta, usijifukize,
makwapa yaje kama yalivyoamka.
Nikaisoma mara mbili, nikacheka peke yangu.
Mwanamke wa Kibokoni atoke kwake hanukii?
Watu watasema ameachwa.

Nikaenda. Nikapita Makadara saa moja asubuhi,
mahamri nimemwachia Nyevu ayakaange,
nami najihisi kama nyumba
iliyofunguliwa madirisha yote.

Chumba kilikuwa na baridi ya jokofu.
Msichana akasema anaitwa Mbodze,
akaomba radhi kwa mikono yake kabla haijanigusa.
"Vua juu tu, mama. Na hicho kikuba."
Nilikisahau. Asmini za jana na mkadi kidogo,
nilizibana kwa pini kifuani, kwa mazoea,
kama mtu anavyofunga kufuli
nyumba isiyo na kitu.
Akakiweka kwenye kisahani cha chuma,
kando ya kalamu na pamba.

Kisha mashine.
Kibao chini, kibao juu.
Akanipanga: bega lishuke, kidevu kule, sogea, sogea tena.
Ziwa langu lililonyonyesha wanne
likatandazwa kama chapati ya haraka.
Nikamwambia, "Mwanangu, hata mimi unga siusukumi hivi."
Akacheka, akaenda nyuma ya kioo.
"Usipumue."

Sikupumua.
Na hapo ndipo mama alipoingia.

Mama aliyesema ni jipu.
Aliyebandika mrehani, kisha manjano, kisha akanywa kombe.
Aliyetaka kila jioni chetezo kiwe karibu naye,
udi juu ya udi, mpaka dari ikawa nyeusi,
nasi wanawe tukidhani anapenda kunukia.
Kilio ndicho kilichomuumbua.
Mwoshaji alinitoa nje; nilikwisha kuona.
Miaka kumi na tisa sijui tena udi unanukia nini.
Najua ulikuwa ukificha nini.

"Pumua."

Mara nne hivyo, kulia, kushoto, ubavuni.
Mbodze akarudi na uso aliokwisha kuupiga pasi.
"Kuna vijidoa. Labda ni poda."
Nikaapa sikupaka. Kisha nikamkumbuka mjukuu,
nilivyombeba alfajiri ametoka kuogeshwa,
shingo yake nyeupe pe pe pe.
Akanifuta kwa pamba yenye maji, taratibu,
hakuacha mkunjo.

Tukapiga tena.
Vijidoa vikaondoka. Kimoja hakikuondoka.

Akanigeuzia kioo nione mwenyewe.
Sikutarajia uzuri ule:
weupe mwembamba juu ya giza,
kama moshi uliosahau kupanda.
Na pale, kando, chembe ya iliki.

Mikono yangu hii, miaka thelathini,
hulijua donge la unga kabla jicho halijaliona.
Kila mwezi ilitafuta, ikaniambia: hamna.
Haikunidanganya.
Chembe ile haijawa na neno la kuviambia vidole.

"Ni ndogo," akasema Mbodze. "Huenda si kitu.
Alhamisi tutaitazama kwa altrasaundi, daktari atakuwepo."
Hakusema usijali.
Nilimshukuru kwa hilo.

Nikavaa. Kikuba kimenyauka kwa ile baridi.
Nikakiacha.

Nyumbani Mwanasiti akauliza, wamekuonaje?
Dada yangu huyu, asemaye kwamba ugonjwa ukitajwa huitika.
Nikakaa ubavuni pake, sinukii chochote,
nikamwambia yote, na moshi, na chembe.
Hakujibu. Sufuria ilipwaga jikoni, hakuinuka.
Akaivuta ile karatasi juu ya meza,
akavaa miwani yangu,
akaanza kusoma kutoka juu:
usipake poda.